Anga ya Juu ya Mnara Ina Wenyewe: Niliyojifunza Nikirusha Droni Karibu na Uwanja wa Ndege

Swali ambalo huulizwa mara nyingi na mtu anayetaka kurusha droni kwenye mnara wa kumbukumbu uliojengwa karibu na uwanja wa ndege ni moja: je, inaruhusiwa? Nimefanya kazi ya kupiga picha na kukagua majengo marefu kwa droni kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba swali hilo halijibiki mpaka aliyeuliza aeleze anakusudia kumwomba nani. Mahali kama hapo pana wenye mamlaka zaidi ya mmoja. Msimamizi wa mnara ana mamlaka juu ya kiwanja, ngazi, bustani na wageni wanaoingia. Mamlaka ya usafiri wa anga ina kauli juu ya hewa yote iliyo juu ya kiwanja hicho, kuanzia pale nyasi zinapoishia. Waongoza ndege wa uwanja wa jirani ndio wanaojua, dakika kwa dakika, nani anapita katika hewa hiyo. Pengine vyombo vya usalama navyo vina neno, hasa kama mnara umesimama jirani na ofisi za serikali. Kibali cha mmoja kati ya hao hakimfungi mwingine, na mtu aliyepata kimoja akadhani amevipata vyote ndiye anayewahatarisha wenzake bila kujua.

Kazi iliyonifundisha mambo haya kwa undani ilitoka kwa kamati inayotunza mnara mmoja mrefu wa mawe, uliojengwa juu ya kilima, ambao ndege zinazotua katika uwanja wa karibu hupita ubavuni mwake. Wanakamati walikuwa na wasiwasi kuhusu nyufa zilizoonekana karibu na kilele. Kusimamisha jukwaa la mabomba na mbao kuuzunguka mnara mzima kungechukua muda mrefu na kungewafungia wageni eneo lote, hivyo wakaamua kwanza zipigwe picha za karibu, jiwe kwa jiwe, ili mhandisi azisome mezani na kuamua pa kuanzia. Mwenyekiti wao, mama wa makamo aliyeujua mnara ule vizuri kuliko yeyote niliyekutana naye pale, alinikabidhi barua yenye muhuri inayoniruhusu kurusha droni siku yoyote na saa yoyote nitakayoona inafaa. Nilimshukuru, kisha nikamweleza kwamba barua ile ilikuwa ya lazima lakini ilihusu ardhi peke yake. Aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, ni nani mwingine mwenye haki juu ya mnara ambao kamati yake imeulinda muda wote huo.

Nilimjibu kwa mfano wa Marekani, ambako mgawanyo huu umeandikwa waziwazi. Mwezi Juni 2014, shirika linalosimamia hifadhi za taifa za nchi hiyo lilitoa agizo la kupiga marufuku kurusha, kutua au kuendesha droni ukiwa ndani ya maeneo linayoyasimamia, yakiwemo makaburi ya mashujaa na minara ya kumbukumbu. Miongoni mwa matukio yaliyotajwa kuwa chanzo ni lile la Septemba 2013 huko Mount Rushmore, mlima wenye sanamu za nyuso za marais zilizochongwa kwenye mwamba, ambapo droni ilirushwa juu ya wageni waliokaa ukumbini jioni, na walinzi wakaitwaa. Agizo hilo linamhusu mtu aliyesimama ndani ya mpaka wa hifadhi. Aliyesimama nje ya mpaka, kwenye barabara ya umma, akaielekeza droni yake juu ya sanamu, yuko katika hewa ambayo msimamizi wa ardhi hana mamlaka nayo, na hapo ndipo mamlaka ya usafiri wa anga inapoingia. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2017 mamlaka hiyo, yaani FAA, iliweka zuio lake yenyewe kwa maeneo 10, yakiwemo Sanamu ya Uhuru ya New York, Mount Rushmore na lile tao kubwa la St. Louis, kwa kukataza droni ndani ya futi 400 kutoka mipaka ya maeneo hayo. Sheria mbili zilihitajika kwa sanamu moja kwa sababu ardhi na hewa zina wasimamizi tofauti.

Washington nayo ina somo lake. Mnara wa kumbukumbu wa George Washington, wenye urefu wa mita 169, uko kilometa zisizofika 5 kutoka uwanja wa ndege wa Reagan ulio ng'ambo ya mto Potomac. Mgeni anayeona droni imekatazwa pale hudhani kwamba mnara ndio unaolindwa, au kwamba sababu ni ndege za abiria tu. Ukweli ni kwamba amesimama ndani ya duara la usalama wa mji mkuu lenye nusu kipenyo cha takribani maili za baharini 15, ambalo nalo limezungukwa na duara lingine linalofika maili 30. Hata kama mnara ungeondolewa na uwanja wa ndege ukafungwa kesho, sehemu kubwa ya zuio hilo ingebaki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu rubani anayejua mstari bila kujua sababu yake hukosea pale hali inapobadilika: anadhani usiku, ndege zikiwa zimepungua, marufuku nayo imelegea.

Katika kazi yetu sababu kubwa ilikuwa ndege zinazotua, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba ningependa kila mwenye droni aifanye mwenyewe. Ndege ya abiria inayokaribia kutua kwa msaada wa vyombo hushuka kwa kawaida katika mteremko wa nyuzi 3. Kwa kila kilometa 1 inayobaki kufika mahali pa kugusa ardhi, ndege huwa juu kwa takribani mita 52, hivyo ikiwa imebakiza kilometa 3, iko mita 157 hivi juu ya usawa wa njia ya kurukia. Ukomo wa kawaida wa droni katika nchi nyingi ni mita 120, yaani futi 400, juu ya ardhi. Kwa haraka mtu ataona kwamba kati ya droni na ndege zimebaki mita 37, akaridhika. Lakini mnara wetu ulikuwa juu ya kilima. Tuseme kilima hicho kimeizidi njia ya kurukia kwa mita 30. Droni iliyo mita 120 juu ya kilima itakuwa mita 150 juu ya njia ya kurukia, na ile nafasi itakuwa imebaki mita 7. Mkia wa Boeing 737-800 unasimama zaidi ya mita 12 kutoka ardhini. Rubani wa droni aliyefika hapo hajauvuka ukomo wa mita 120 hata kidogo, na bado amesimama katika njia ya watu zaidi ya mia moja wanaojiandaa kushuka.

Hesabu hiyo inachukua kwamba ndege imekaa barabara kwenye mstari wake. Upepo, maelekezo ya kuacha kutua na kupaa tena, au rubani anayetua kwa kuona kwa macho badala ya vyombo, vyote huihamisha ndege kutoka kwenye mstari. Tena ndege kubwa huacha nyuma ya mabawa yake mizunguko ya hewa inayoshuka taratibu baada ya yenyewe kupita, na droni ndogo iliyoko chini inaweza kupinduliwa na mzunguko ambao aliyeishika rimoti hauoni wala hausikii. Ndiyo maana ukomo wa futi 400, ambao watu wengi huushika kama haki ya kuzaliwa, hauna nguvu yoyote katika anga inayodhibitiwa mpaka mwenye anga hiyo aseme. Katika gridi za ramani zinazotumika Marekani kwa ajili ya maombi ya droni karibu na viwanja, zipo sehemu zilizoandikwa 400, zipo za 200, 100 na 50, na zilizo karibu kabisa na njia za kurukia zimeandikwa 0.

Umbo la eneo lenyewe ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mtu husikia kwamba uwanja una eneo la katazo lenye nusu kipenyo fulani, anachora duara kwenye simu yake, anaona mnara uko nje ya duara, anapumua. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 13 Machi 2019, eneo la kila uwanja unaolindwa lina sehemu mbili: duara lenye nusu kipenyo cha maili za baharini 2 au 2.5, pamoja na ukanda wenye upana wa kilometa 1 unaotoka kwenye kila ncha ya njia ya kurukia na kwenda kilometa 5 mbele. Ukanda huo huweza kutokeza nje ya duara. Kwa uwanja wenye duara la maili 2, mnara ulio kilometa 4 na nusu kwa ubavu na mnara ulio umbali uleule mbele ya njia ya kurukia ni vitu viwili tofauti kabisa, japo kwenye orodha ya umbali vinaonekana ndugu. Sheria hiyo ilikuja miezi michache baada ya tukio la Gatwick la Desemba 2018, ambapo taarifa za kuonekana kwa droni ziliufunga uwanja kwa zaidi ya siku nzima na kuvuruga safari za abiria wapatao 140,000. Hakuna ndege iliyogongwa pale. Madhara yote yalitokana na ukweli kwamba mwongoza ndege asiyejua droni iko wapi hana namna ya kumwambia rubani yeyote kwamba njia ni salama.

Ombi letu tuliliandika kwa uangalifu. Nilipeleka ramani, urefu wa kilima kutoka usawa wa bahari, urefu wa mnara, uzito wa droni, picha za mahali pa kupaa na kutua, na maelezo ya nini kitafanyika iwapo mawasiliano kati ya rimoti na droni yatakatika. Nilitaja urefu kwa namna mbili, kutoka ardhini na kutoka usawa wa bahari, na hapo nilipata somo kutoka kwa afisa mmoja wa uongozaji ndege ambaye alinipigia simu mwenyewe baada ya kulisoma. Aliniambia kwa upole: "Ndugu, droni yako ikisema mita 60, inahesabu kutoka pale ulipoiweka chini. Sisi na marubani tunahesabu kutoka usawa wa bahari, kwa kipimo cha hewa cha siku hiyo. Ukiniambia mita 60 bila kuniambia umesimama wapi, hujaniambia kitu." Maneno hayo nimeyabeba katika kila ombi nililoandika baadaye. Droni iliyopaa kutoka maegesho ya chini ya kilima na droni iliyopaa kutoka kizingiti cha mnara zinaweza kuonyesha namba ileile kwenye skrini zikiwa zimetofautiana kwa urefu wa jengo la ghorofa.

Kibali kilipotoka kilikuwa kifupi kuliko ombi. Ukomo uliwekwa mita chache tu juu ya kilele cha mnara. Saa zilizokubaliwa zilikuwa za asubuhi mapema, pale ratiba ya uwanja ilipokuwa na pengo. Tulitakiwa kuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia anga tu, asiyeshika rimoti wala kutazama skrini, na mwingine mwenye simu iliyo wazi muda wote kwa waongoza ndege. Tulitakiwa kupiga simu kabla ya kuwasha mapanga, na kupiga tena baada ya kuyazima. Neno moja lilikubaliwa kwamba likitamkwa na wao, droni inashuka mara moja pale ilipo, bila kuuliza sababu. Tangazo likatolewa kwa marubani wote wanaotumia uwanja kwamba kutakuwa na droni mahali fulani, chini ya urefu fulani, katika saa fulani. Mwenyekiti wa kamati, ambaye mwanzoni aliona masharti haya ni mzigo, aliposoma tangazo lile aliniambia kwamba sasa ameelewa: barua yake ilikuwa inamruhusu mtu kupita katika nyumba ambayo nusu ya vyumba vyake si vya kamati.

Kuna sharti moja ambalo hatukuandikiwa na ambalo mimi huliweka mbele ya yote. Droni nyingi za siku hizi, mawasiliano yakikatika au betri ikipungua, hurudi zenyewe mahali zilipopaa. Kabla ya kurudi hupanda kwanza mpaka kwenye urefu uliowekwa kwenye mipangilio, ili zisigonge miti na majengo njiani. Iwapo urefu huo umewekwa juu kuliko ukomo wa kibali, droni itafanya kwa utiifu kamili jambo lile lile ambalo kibali kimelikataza, na itafanya hivyo wakati ambapo mwenye rimoti hana uwezo wa kuizuia. Kwenye mnara mrefu mtego ni wa pande mbili, kwani ukiweka urefu wa chini kuliko mnara, droni iliyo upande wa pili inaweza kurudi moja kwa moja kupitia kwenye mawe. Sisi tuliamua kwamba mawasiliano yakikatika droni itasimama hewani kisha kutua taratibu palepale, na ndiyo sababu tulizungushia kamba kiwanja chote cha chini na kuhakikisha hakuna mtu ndani yake. Wageni wachache waliofika mapema walikasirika, nasi tuliwaeleza, na wengi wao walibaki nje ya kamba wakitazama kwa hamu.

Mnara wenyewe nao una hatari zake ambazo haziandikwi kwenye kibali. Ndani ya mawe na zege mara nyingi mna vyuma, na vyuma huivuruga dira ya droni. Karibu na ukuta mrefu nusu ya anga imezibwa, hivyo setilaiti zinazoonekana hupungua na mawimbi mengine hufika yakiwa yamegonga ukuta kwanza, na droni huanza kuamini kwamba iko mahali ambapo haipo. Upepo unaozunguka kona za jengo refu haufanani na upepo wa chini. Kwa hiyo tulikaa mbali na mawe kadiri lenzi ilivyoruhusu, na ubavu ulioelekea njia ya ndege tuliuacha kwa saa ambayo waongoza ndege walituhakikishia kwamba hakuna anayekuja.

Hata hivyo alikuja mtu ambaye hakuwa kwenye ratiba. Tukiwa katikati ya kazi, mwenzetu aliyeshika simu alitamka lile neno, nami nikaishusha droni bila kuuliza. Muda mfupi baadaye helikopta ya wagonjwa ilipita juu ya kilima, chini sana kuliko ndege yoyote tuliyokuwa tumeiona pale. Helikopta za wagonjwa, za polisi na za zimamoto huruka chini, huja bila ratiba, na mara nyingi hufuata alama zinazoonekana vizuri kutoka juu, kama mito, barabara kuu na minara ya kumbukumbu. Ramani inayoonyesha njia za ndege za abiria haikuonyeshi hizo. Mtu wetu wa kuangalia anga aliisikia kabla ya kuiona, na wakati alipoiona droni ilikuwa tayari imeshazimwa. Nilielewa siku hiyo kwamba simu ile ilikuwa na thamani kuliko chombo kingine chochote tulichokuwa nacho, ikiwemo droni yenyewe.

Tulipokuwa tunakusanya vifaa tulisikia mlio mwembamba kutoka upande wa bustani. Kijana mmoja alikuwa amerusha droni ndogo ya kukunja, nayo ilikuwa inapanda kuelekea kilele. Nilimwendea na kumsalimu, nikamwomba aishushe kwanza ndipo tuzungumze, naye akakubali. Alikuwa na hoja mbili ambazo nimezisikia kwa watu wengi waungwana kama yeye. "Kaka, hii haifiki hata gramu 250, haihitaji usajili," aliniambia. "Na tena ingekuwa marufuku, yenyewe ingekataa kupaa." Nikamjibu: "Mdogo wangu, usajili ni habari ya chombo, na anga ni habari ya mahali. Chombo chako kimesamehewa la kwanza. La pili hakijasamehewa."

Hoja ya pili ilihitaji muda zaidi, nasi tuliketi kwenye ngazi tukaizungumza. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Januari 2015 droni ndogo ilianguka katika bustani ya White House, na kampuni ya DJI iliyoitengeneza ikatangaza kwamba programu mpya itazizuia droni zake kupaa katika eneo kubwa la Washington. Tangu hapo watu wengi walizoea kuichukulia droni kama mlinzi wa sheria: ikipaa, basi ni halali. Lakini ramani iliyo ndani ya droni hutengenezwa na mtengenezaji, husasishwa pale mwenyewe anapokumbuka, na inaweza kukosa habari za zuio la muda lililotangazwa jana kwa sababu ya mgeni wa kitaifa au maadhimisho. Mwezi Januari 2025, takribani miaka 10 baada ya tukio lile, kampuni hiyohiyo iliondoa vizuizi hivyo kwa watumiaji wa Marekani na kuweka maonyo badala yake, ikieleza kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mwenye kuirusha. Binafsi naona watu wengi wangependa chombo kiamue kwa niaba yao, na ninaelewa kwa nini, ila jukumu halikuwahi kuwa la chombo hata pale kilipokuwa kinakataa kupaa.

Kijana yule aliniuliza kama kweli kitu chepesi namna ile kinaweza kuidhuru ndege. Nilimweleza kuhusu tarehe 21 Septemba 2017, karibu na Staten Island huko New York, ambapo helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk iligongana na droni iliyokuwa inaendeshwa na mtu aliye umbali wa kilometa kadhaa, asiyeweza kuiona, akitegemea skrini tu. Panga moja la helikopta liliharibika, kipande cha droni kikakutwa kimebaki kwenye helikopta, na kwa bahati njema ilitua salama. Kulikuwa na zuio la muda katika eneo lile kwa sababu ya Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na mwenye droni hakuwa na habari nalo. Wiki tatu baadaye, tarehe 12 Oktoba, ndege ndogo ya abiria iliyokuwa inakaribia kutua mjini Québec, Kanada, iligongwa na droni, nayo pia ilitua salama. Ndege hutengenezwa zikifikiriwa kugongana na ndege wa angani, ambao miili yao ni nyama na manyoya. Droni ina betri na mota, vitu vigumu vilivyokusanyika mahali pamoja, na utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba huleta uharibifu mkubwa kuliko ndege wa uzito uleule. Droni yake ilikuwa nyepesi kuliko zilizohusika katika matukio hayo, nami sikumwambia kwamba ingeiangusha ndege. Nilimwambia kwamba rubani wa helikopta ya wagonjwa akiona kitu mbele ya kioo hana nafasi ya kukipima uzito, atakikwepa, na akiwa chini kiasi kile karibu na mnara wa mawe, kukwepa kwenyewe ni hatari.

Si kila ombi hukubaliwa, na ninaona ni haki kulisema hilo kwa wanaodhani kwamba uvumilivu humaliza yote. Mahali pengine, kwenye mnara uliokaa karibu zaidi na njia ya kurukia, tulikataliwa moja kwa moja, na baada ya kufanya ile hesabu ya mteremko nilikubaliana na waliotukataa. Tulitumia mlingoti wa kurefuka wenye kamera kwa sehemu za chini, na lenzi ndefu kutoka kwenye paa la jengo la jirani kwa sehemu za juu, na mhandisi alipata picha za kutosha kufanya uamuzi wake. Wapo waliopendekeza tuifunge droni kwa kamba, wakiamini kwamba kikifungwa hakihesabiwi tena kuwa chombo cha angani. Kamba husaidia kisipotee, lakini hakiachi kuwa angani, na kibali hutakiwa vilevile.

Kamati ya mnara ule wa kilimani imeniomba niwasaidie kuandika bango la langoni, na hapo nimekuwa na ubishi wa kirafiki nao mpaka sasa. Wao wanapendelea picha ya droni iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kama ilivyo katika minara mingi. Mimi nawaomba waongeze mistari mitatu ya maandishi chini yake: kwamba hewa ya juu ya mnara ni sehemu ya anga ya uwanja wa ndege kuanzia ardhini, kwamba katazo linahusu droni za uzito wote, zikiwemo zisizohitaji usajili, na namba ya simu ya ofisi inayopokea maombi, pamoja na muda wa kawaida wa kushughulikiwa. Mwenyekiti anahofia kwamba kuweka namba ya simu kutawavutia waombaji wengi. Nimemjibu kwamba kila anayepiga simu hiyo ni mtu mmoja ambaye waongoza ndege watajua yuko wapi, na amesema atalipeleka suala hilo kwenye kikao kijacho.